Mafuta ya Sufu ya Kondoo kwa Ngozi Kavu: Maswali na Majibu

Hii lanolini inayouzwa maduka ya dawa ni kitu gani?

Ni nta inayotoka kwenye tezi za ngozi ya kondoo na kuyapaka manyoya yake yasilowe mvua. Kondoo akinyolewa, sufu huoshwa kiwandani kwa maji ya moto na sabuni, kisha nta hutenganishwa na uchafu kwa mashine inayozunguka kwa kasi. Kondoo hachinjwi kwa ajili yake. Kinachobaki baada ya kusafishwa ni mafuta mazito ya rangi ya manjano, yenye kunata na harufu ya mbali ya zizi. Si kitu kipya: Wajerumani Otto Braun na Oscar Liebreich waliisajili mwaka 1882, na tangu hapo imeingia kwenye krimu, rangi za midomo na marhamu nyingi. Huenda umeshaipaka miaka yote bila kujua.

Ina tofauti gani na Vaselini?

Vaselini huziba tu, maji yaliyomo kwenye ngozi yasipotee hewani. Lanolini nayo huziba, ila pia hushika maji, hata mara mbili ya uzito wake. Ndiyo maana inasifiwa kwa visigino vilivyopasuka, midomo, na viganja vya anayefua kwa mikono kila siku. Kwa baridi ya Juni na Julai kule Njombe au Limuru, au kwa anayefanya kazi Dubai ndani ya kiyoyozi kutwa nzima, utaona faida yake.

Lakini haiponyi kila kinachobabuka. Mapunye na fangasi wa miguuni wanahitaji dawa yao.

Niipake vipi?

Oga kwa maji ya uvuguvugu, jifute kwa kubonyezabonyeza taulo, na upake ngozi ikiwa bado na unyevu. Chukua kiasi cha punje ya choroko, sugua kati ya viganja mpaka ilainike (huyeyuka karibu na joto la mwili), ndipo ubandike mahali palipokauka. Ukiichota na kuipaka moja kwa moja itakuvuta ngozi, na ngozi iliyowashwa haitaki kuvutwa. Usipake kwenye kidonda kinachotoa usaha, malengelenge wala mahali palipoungua moto leo.

Nina pumu ya ngozi. Si ndiyo salama zaidi kwangu, maana ni ya asili?

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Upupu nao ni wa asili. Watu wengi wenye ngozi nzima hawapati shida yoyote na lanolini. Walio katika hatari zaidi ni haohao wanaoihitaji: wenye pumu ya ngozi, na wenye vidonda sugu vya miguu vinavyotokana na mishipa ya damu kutofanya kazi vizuri. Ngozi yao imetoboka, kwa hiyo vitu hupenya na kinga ya mwili hujifunza kuvichukia. Mwaka 2023 chama cha Marekani kinachoshughulikia mzio wa mguso wa ngozi kiliitangaza lanolini kuwa kizio (yaani kitu kinacholeta mzio) cha mwaka, heshima ambayo hakuna kipodozi kinachoitamani.

Ubaya wa mzio huu ni kwamba hauji papo hapo. Unapaka leo, muwasho unakuja baada ya siku moja, mbili au zaidi. Mtu anadhani ugonjwa wake umepanda, anaongeza mafuta, ngozi inazidi kuwa nyekundu au kuwa nyeusi na ngumu, naye anaongeza tena. Kama pumu ya ngozi inakataa kutulia ingawa unapaka kwa bidii, kishuku hicho unachopaka.

Nijipimeje kabla?

Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mahali palepale, asubuhi na jioni kwa wiki moja. Pasipowasha wala kutoa vipele, endelea, lakini kwa tahadhari: lanolini ni kigeugeu. Mtu anaweza kuivumilia usoni kwenye ngozi nzima, ikamletea balaa kwenye kidonda cha mguu. Mwenye kidonda hicho ninamshauri aiache kabisa, atumie Vaselini isiyo na manukato. Ni ya bei nafuu, na mzio wake ni nadra sana.

Sweta la sufu hunichoma. Basi nina mzio wa lanolini?

Mara nyingi hapana. Nyuzi nene za sufu huchoma ngozi kwa ncha zake tu.

Nanyonyesha na chuchu zimechanika. Mtoto akiilamba?

Ile iliyosafishwa maalumu kwa wanaonyonyesha haihitaji kufutwa kabla ya kumpa mtoto titi. Iwe lanolini tupu, isiyo na manukato. Ila, mama, chanzo kikubwa cha michubuko ni namna mtoto anavyoshika titi, kwa hiyo mwombe muuguzi wa kliniki atazame ukinyonyesha. Mtoto akiwa na utando mweupe mdomoni, au wewe ukipata homa na titi likawa jekundu na gumu, usisubiri mafuta yakusaidie, nenda kliniki.

Kuna hatari nyingine?

Zipo mbili zisizotajwa sana. Nguo, shuka na bandeji zilizonyonya mafuta ya ngozi hushika moto upesi na kuwaka kwa kasi, hata ukizifua mabaki hubaki. Kaa mbali na jiko la mkaa na koroboi. Pili, mafuta hudhoofisha kondomu za mpira, kwa hiyo yasitumike kama kilainishi.

Nimeshapaka na vipele vimetoka. Nifanyeje?

Acha kupaka. Osha kwa maji na sabuni laini, na usifunike vipele kwa krimu ya steroidi ya kuambiwa na jirani. Kisha geuza makopo yote ya nyumbani usome maandishi madogo ya nyuma: Lanolin, Lanolin Alcohol, Wool Fat, Wool Wax na Adeps Lanae ni za ukoo mmoja, na hujificha hata kwenye losheni ya mtoto. Uso ukivimba, ngozi ikitoa maji au usaha, au homa ikipanda, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na ulibebe kopo lenyewe.