Timu ya wasichana haikimbii wavulana

Nina timu ya roboti ya wasichana watupu, na nimeulizwa tena swali lile lile, safari hii na mwalimu mwenzangu: "Mbona unawatenga? Wakikutana na wavulana si wataogopa?" Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Mashindanoni hakuna uwanja wa wasichana. FIRST Global ya 2017 kule Washington, mashindano ya roboti ya vijana wa mataifa mbalimbali, timu zilicheza kwa miungano ya mataifa matatu matatu. Wasichana sita wa Afghanistan, waliokwisha kunyimwa viza mara mbili, walicheza humo humo na wote.

Utengano ninaoujua mimi uko kwenye timu mchanganyiko. Mwanzoni msichana anafunga bolti vizuri tu. Siku zikikaribia, mvulana anachukua bisibisi "tuwahi", msichana anapewa daftari la uhandisi, la kuandika jinsi roboti ilivyojengwa, na bango, eti ana mwandiko mzuri. Hakuna aliyeamuru, kwa hiyo hakuna wa kukemewa. Majaji wanaona jinsia zote mbili kibandani, wanafurahi. Joistiki, ile ya kuendeshea roboti, alishika nani?

Kwenye timu ya wasichana watupu, volti ya betri ikishuka na kidhibiti cha roboti kikazima katikati ya pambano, hakuna kaka wa kuitwa. Wanafuatilia waya mmoja mmoja wenyewe. Wanabishana gia: ya meno 10 ikizungusha ya meno 40, mkono wa roboti unapata nguvu karibu mara nne, kasi inabaki robo, je, muda utatosha? Ubishi huo ndio ninaoulipia nauli.

Halafu anakuja jaji, dakika zenyewe chache, anauliza: "Mnajisikiaje kama wasichana?" Waulizeni gia, jamani! Waafghanistan wale walipewa medali ya fedha ya ujasiri, na waliistahili. Lakini kila mtu anakumbuka viza zao. Ni wangapi wanajua kwamba mchezo wa mwaka ule ulihusu kuchambua mipira ya buluu, yaani maji safi, na ya rangi ya machungwa, yaani uchafu?

Je, wakirudi darasa mchanganyiko wanabaki na bisibisi? Sina hakika. Wapo niliowaona wakirudi kwenye daftari. Zamu za lazima kwenye timu mchanganyiko nazo nimezijaribu: zinashika mpaka wiki ya mwisho, kisha mkufunzi mwenyewe anampa joistiki aliyezoea. Na hata kwa wasichana watupu daftari nalizungusha kwa zamu, maana humo pia yupo mpole anayesukumiwa kuandika.