Nakonde si mtaa wa Tunduma: kwa anayevuka kwenda Zambia

Nina miaka 11 katika kazi ya uwakala wa safari hapa Mwanjelwa, Mbeya. Wateja wangu wengi wanavuka Tunduma kwenda Zambia: wapo wanaofuata bidhaa, wapo wanaokwenda kuona ndugu, na wapo wanaopita tu kuelekea kusini zaidi. Karibu wote huuliza nauli. Habari ya mpaka hawaulizi, maana Tunduma wanaijua tangu utotoni, na huko kuijua ndiko kunakowaponza.

Tunduma yetu na Nakonde ya Zambia zimeshikana kama mji mmoja. Wanyamwanga wako pande zote mbili, Kiswahili kinasikika pande zote mbili, na shilingi yako utaipatia mnunuzi hukohuko Nakonde. Mtu anavuka kwa miguu, anakula, anapanda basi la Lusaka akidhani mambo yamekwisha, kumbe pasipoti yake haina muhuri hata mmoja. Atakuja kuulizwa mbele ya safari, mahali ambapo Kiswahili hakimsaidii tena.

Tangu 2019 mpaka huu una kituo cha huduma kwa pamoja. Ukitoka Tanzania, muhuri wa kutoka na wa kuingia Zambia unagongewa upande wa Nakonde. Ukirudi, yote mawili yanamalizikia Tunduma. Kwa hiyo usishangae ukipita upande wetu bila kugongewa kitu. Lakini usiondoke Nakonde kabla hujafungua pasipoti na kuiona mihuri yote miwili kwa macho yako. Mtanzania haombi viza ya kutembelea Zambia. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kile ulichochanjiwa zamani usikitupe: tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote.

Kuhusu fedha nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu nimeona watu wazima wakilia. Vijana wanaobadilisha fedha barabarani watakuzingira kabla hujashuka kwenye gari. Wapite, nenda dukani au benki, na kwacha zihesabu mwenyewe. Mwaka 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye sarafu yake, hivyo noti yenye maelfu ni karatasi tu. Kisha Machi 2025 zikatoka noti mpya, zikiwemo za kwacha 200 na 500. Ukikabidhiwa noti za zamani, zikatae.

Chaja usihangaike nayo, soketi zao ni kama zetu.

Sasa saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, si kuanzia alfajiri kama sisi. Mama mmoja mfanyabiashara, mteja wangu wa siku nyingi, aliambiwa na kondakta pale Nakonde kwamba basi linaondoka "saa saba". Kondakta alikuwa anatafsiri 07:00 yake kwa Kiswahili cha kuokoteza. Kwa saa zetu hiyo ni saa 2 asubuhi. Mama akafika saa 7 mchana na mizigo yake, basi limeshapita Isoka zamani. Alilala Nakonde siku hiyo, na nauli haikurudi. Tangu hapo kila tiketi ninayokata naandika saa za aina mbili juu yake kwa kalamu: ya Zambia na ya kwetu.

Wakati wa kwenda, ukisahau tofauti hiyo unafika mapema na kusubiri, basi. Wakati wa kurudi ndipo unapoachwa. Gari la Mbeya likiondoka Tunduma saa 12 asubuhi, saa ya Zambia mkononi mwako inasema 05:00, nawe bado unapiga mswaki.

Simu nazo zinapotosha. Ukilala gesti ya Tunduma karibu na mpaka, simu inaweza kunasa mnara wa ng'ambo usiku na kujirudisha nyuma saa nzima bila kukuambia. Zima ile sehemu ya kujipanga saa yenyewe, weka saa ya Tanzania kwa mkono, halafu mwombe mhudumu wa mapokezi akugongee mlango saa 11 alfajiri.