Hii ndiyo ngome yenyewe?

Nikipeleka wageni kilima cha Old Kampala, hapa Uganda, kabla akina mama hawajamaliza kujifunga leso wanazopewa langoni mwa Msikiti wa Taifa, tayari nimeulizwa: hii ndiyo ngome ya Lugard? Siyo. Hiyo wanayoiona ni nakala. Ya asili ilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupisha msikiti. Mimi ni mhifadhi wa majengo, na hapo huwa nameza mate kwanza.

Kapteni Lugard, afisa wa Kiingereza, alipiga kambi kilimani hapa Desemba 1890, kambi ikageuka boma. Januari 1892, Waprotestanti na Wakatoliki walipopigana Mengo, bunduki yake ya rashasha ya Maxim ndiyo iliyoamua, na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, akakimbia. Baadaye wakubwa wa kikoloni walihamia kilima cha Nakasero, boma likabaki halina kazi.

Kazi iliyofuata ndiyo inayonivutia. Mwaka 1908 makumbusho ya kwanza ya Uganda yalianzia humo, yakiwa na vifaa vya ibada za jadi miongoni mwa vitu vilivyokusanywa. Waganda wakaiita kwa Kiganda Enyumba ya Mayembe, Nyumba ya Pembe. Msemaji wa Kiswahili anaisikia pembe papo hapo, na ndizo hasa: pembe zenye dawa, makao ya nguvu zisizochezewa. Basi aliyekwepa kilima kwa kuogopa bunduki, mwanawe alikikwepa kwa kuogopa pembe.

Miaka ya 1940 mkusanyiko ulihamia Makerere, na mwaka 1954 ukapata jumba lake Kitante, lililochorwa na Mjerumani Ernst May.

Kilima nacho Idi Amin aliwapa Waislamu. Ujenzi wa msikiti ulianza enzi zake ukakwama, hadi Gaddafi wa Libya alipotoa fedha, ukakamilika. Leo watu wanakipanda kilima kwa hiari, tena wanalipia kupanda mnara (kila mmoja hushuka na hesabu yake ya ngazi). Hilo silibezi. Ila kuvunja cha asili kisha kujenga mfano wake kwenye kilima hicho hicho, kwangu ni kama kumzika mtu ukaning'iniza kanzu yake sebuleni.

Juzi mzee mmoja wa Kinubi alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Mwanangu, na hizo pembe, walipozihamisha waliziaga?"

Nilibaki nimeduwaa. Nikamwonyesha tu stendi ya boda za kwenda Kitante.