Blaindi za dirisha: kazi iko kwenye kipimo na kwenye lenta

Juzi dada mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, alinipigia simu. "Fundi, blaindi zimefika lakini haziingii." Nikapita jioni kuangalia. Dirisha la sebuleni lilijengwa mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, ila dukani aliagiza "tano kwa tano", kama mafundi wa ujenzi walivyozoea kulitaja. Sasa futi tano ni sentimita 152.4. Dirisha lilianza na 150, plasta ikala pande zote mbili, likabaki na 148. Blaindi yenyewe haikuwa na kosa lolote, imezidi tu sentimita 4 na kidogo. Na ukishazidi hapo huna ujanja: bomba la rola, yaani blaindi ya kitambaa kinachojizungushia bomba, unaweza kulikata kwa msumeno wa chuma, lakini kitambaa ukikipitishia mkasi pembeni kinaweza kuanza kutoka nyuzi.

Kwa hiyo ukitaka kufunga mwenyewe, na kazi hii mtu mwenye mikono mitulivu anaiweza kabisa, drili iache kwanza kabatini. Chukua futi kamba na daftari, andika kwa sentimita na milimita, sahau futi na inchi.

Amua kwanza blaindi inakaa wapi. Ikikaa ndani ya uwazi wa dirisha, pima upana mara tatu: juu, katikati, chini. Namba tatu hizo hazitalingana. Nimekuta dirisha Nkuhungu lililopishana milimita 9 kati ya juu na chini, na kwa macho ulikuwa unaona limenyooka. Shika namba ndogo kuliko zote, kisha toa sentimita moja. Ikikaa nje, yaani ukutani juu ya dirisha, ongeza sentimita 10 kila upande, na mabano, vile vyuma vinavyoishikilia ukutani, yapande sentimita 10 hadi 15 juu ya uwazi. Halafu muulize muuzaji swali moja ambalo wengi hawaulizi: upana huo ni wa kitambaa au wa bano kwa bano? Kwenye rola upana wa kitambaa huwa mdogo kuliko wa bano kwa bano kwa sentimita 3 hivi. Ukifunga ndani, hizo sentimita 3 ndiyo michirizi ya jua utakayoiona pembeni kila siku.

Mimi kwa nyumba nyingi za hapa Dodoma nashauri nje. Grili mara nyingi iko upande wa ndani, imeshakula nafasi ya mabano. Plasta haijanyooka. Na jua letu halisamehei mwanya.

Kuhusu jua, usitumie pesa sawa kwa madirisha yote. Dodoma tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita hupita karibu utosini. Madirisha ya kaskazini na kusini kwa sehemu kubwa yanalindwa na bati lililotokeza. Dirisha la magharibi ndilo linaloteseka, kwa sababu kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia limelala, chini ya bati, mpaka kwenye kochi. Hapo weka kitambaa kizito kisichopitisha mwanga, chenye mgongo mweupe unaotazama kioo. Lakini nikuambie ukweli: joto likishavuka kioo limeshaingia ndani. Blaindi inarudisha sehemu yake tu. Mti au kibaraza nje ya dirisha hilo vitafanya zaidi ya blaindi yoyote nitakayokufungia.

Sasa ukuta. Juu ya dirisha kuna lenta, zege lenye nondo ndani, na mbele yake plasta ya milimita 12 hadi 15. Blaindi zinazodondoka baada ya mwezi, karibu zote nilizoitiwa, plagi yake, ile ya plastiki inayoshika skrubu ukutani, iliishia kwenye plasta. Plasta haibebi. Tumia biti ya zege ya milimita 6, plagi ya 6, na skrubu ndefu, milimita 50. Funga kipande cha selotepu kwenye biti kuonyesha kina cha sentimita 5. Anza bila kugonga, drili izunguke tu, usije ukabandua plasta kipande kikubwa kama sahani. Vumbi litatoka laini, na drili itazama kirahisi. Kisha utasikia sauti ikibadilika, inakuwa kavu, na mkono unasukumwa nyuma. Hapo umefika kwenye zege. Washa sasa hali ya kugonga, sukuma kwa uzito wa bega, na kila sekunde chache vuta biti nje itoe vumbi.

Biti ikigoma kabisa, ikaanza kulia na kutoa chembe zinazong'aa, hiyo ni nondo. Usishindane nayo. Sogea sentimita 3 pembeni, tundu la kwanza lizibe kwa plasta. Ndiyo maana natoboa bano moja kwanza, nafunga, naweka pima maji, ndipo natia alama ya bano la pili. Ukitoboa yote mawili kwa pamoja halafu moja likakutana na nondo, mstari wako umeharibika. Na bomba likiinama hata milimita chache, kitambaa hujikunja kuelekea upande mmoja na kuanza kusaga bano. Kabla ya yote hayo angalia swichi na soketi: waya hupanda wima kutoka hapo, usitoboe juu yake.

Blaindi za vibati vya aluminiamu zinapendeza, ila kwa vumbi letu la kiangazi, nyumba ikiwa jirani na barabara ya udongo, utafuta kibati kimoja kimoja kila wiki. Rola unaipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Kwa upepo wa Juni mpaka Septemba, zifungie vishikio viwili vidogo chini, ule ufito wa mwisho uingie humo. Bila hivyo usiku mzima utasikia unagonga kioo.

Kitu cha mwisho ninachofunga ni mnyororo wa kuvuta blaindi, na sikubali kuondoka nyumba yenye mtoto kabla sijaufunga. Kitanzi kinachoning'inia kinaweza kumnyonga mtoto mdogo, na huwa hakuna kelele. Kiwango cha Ulaya cha EN 13120, kilichokazwa mwaka 2014, kinataka kitanzi kisishuke chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni. Ndani ya boksi kuna kishikio kidogo cha plastiki. Wengi hukitupa pamoja na nailoni. Kitafute. Kiweke ukutani kwa skrubu zake, mnyororo ukae umekazwa ndani yake, kisha sogeza kitanda cha mtoto na kochi mbali na hilo dirisha. Kwa dada wa Ilazo nilikikuta kwenye ndoo ya taka, nikakiosha, nikakifunga, mwanawe wa miaka miwili akiwa amesimama pembeni anahesabu skrubu.