Mtoto wa paka ale kiasi gani, na mara ngapi kwa siku?

Karibu kila siku kuna mtu anaingia kliniki na kaboksi mkononi, ndani mna mtoto wa paka, na swali la kwanza ni "daktari, huyu nimpe chakula kiasi gani?" Mimi huwa sijibu mpaka nimempima uzito, maana jibu liko kwenye mizani, bakuli linadanganya.

Juzijuzi nililetewa mmoja wa wiki 10, tumbo duara kama mpira, mwenyewe ana furaha kabisa, "huyu anakula vizuri, we cheki tumbo". Nikapitisha vidole mgongoni, vifupa vya uti wa mgongo navihesabu kimoja kimoja. Mizani ikasoma gramu 610, na kwa umri ule nilitegemea awe kilo moja hivi. Kumbe alikuwa anapewa asubuhi na jioni tu, anagombania bakuli na paka wakubwa wa nyumba, na lile tumbo ilikuwa minyoo jamani, sio shibe.

Mara 2 haimtoshi kwa sababu tumbo lake ni dogo sana halafu mwili unajenga mifupa, misuli, kila kitu kwa mpigo. Wa wiki 10 anahitaji kama kalori 200 mpaka 250 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Paka mzima wa kilo 4 anayeshinda amelala ndani anatumia karibu hizohizo, yaani huyu wa kilo 1 anakula sawa na paka mzima! Chakula kikavu kingi kina kalori kama 4 kwa gramu (soma pakiti, zinatofautiana), kwa hiyo ni gramu 50 mpaka 60 kwa siku, ukigawa mara 4 kila mlo unapata gramu 13 mpaka 15, kiganja hata hakijai. Cha kopo robo tatu yake au zaidi ni maji, so gramu zikija mara 4 ya hizo usishtuke.

Ratiba ninayowapa watu: akianza kuachishwa, wiki ya 4 hivi, chakula laini kilichopondwa na maji ya uvuguvugu mara 4 au 5. Miezi 2 mpaka 4, mara 4. Miezi 4 mpaka 6, mara 3. Baada ya hapo mara 2 zinatosha, ila chakula kibaki cha watoto wa paka mpaka afikishe mwaka. Yatima ambaye hajafika wiki 4 ni kazi nyingine, maziwa maalumu ya watoto wa paka, wiki ya kwanza kila baada ya saa 2 au 3, usiku pia, na umnyweshe akiwa kifudifudi, ukimlaza chali kama mtoto mchanga maziwa yanaingia mapafuni. Ya ng'ombe usimpe, yatamharisha, na kadogo kakiharisha kanaishiwa maji haraka sana.

Kitu ambacho wengi hawajui, jumla ya siku haipandi sana anavyokua. Akifika miezi 7 anahitaji kama kalori 100 tu kwa kilo, kwa hiyo uzito unapanda huku mahitaji kwa kilo yanashuka, we unapunguza idadi ya milo tu. Na akishafungwa kizazi matumizi yanashuka tena wakati hamu ya kula inapanda, hapo ndo pima kwa gramu, sio kwa macho.

Halafu nawaomba, nyama tupu isiwe ndo chakula chake. Haina kalsiamu ya kutosha, mifupa inalainika, nishaona wa miezi 4 anavunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye kiti. Chakula cha mbwa nacho hapana, paka lazima apate kirutubisho kinaitwa taurini kwenye chakula, na tangu 1987 inajulikana kwamba akiikosa moyo unatanuka na kudhoofika.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, siku ileile, kabla hajala. Miezi ya mwanzo aongeze kama gramu 100 kwa wiki. Uzito ukisimama wiki nzima, au akikataa kula kwa saa 12, mlete, usisubiri kesho.

Yule wa gramu 610 tulimpa dawa ya minyoo, akahamishiwa chumba chake mwenyewe, milo 4. Kila Jumatatu natumiwa picha ya mizani, ya juzi imesoma 985.