Mchanga Uliomeza Port Royal

Habari za tetemeko la ardhi zikitoka, swali la kwanza la watu huwa lilelile: lilikuwa na ukubwa gani? Sisi tunaopima udongo kabla ya ujenzi huanzia kwingine. Tunauliza nyumba zilisimama juu ya nini. Na kama kuna mji mmoja ambao ningependa kila mwenye kiwanja cha ufukweni ausome kabla hajamwita fundi, basi ni Port Royal wa Jamaika, uliozama Juni 7, 1692.

Waingereza waliwanyang'anya Wahispania kisiwa cha Jamaika mwaka 1655. Wakajenga ngome kwenye ncha ya Palisadoes, ulimi mwembamba wa mchanga unaoikinga bandari ya Kingston ya leo. Haikupita miaka 40, ncha ile ikawa mji wa watu wasiopungua 6,000, na majengo kama 2,000 yaliyobanana kwenye ekari zipatazo 51. Mengi yalikuwa ya matofali, na baadhi yalikwenda ghorofa kadhaa. Fedha yake ilitoka kwenye uharamia, sukari na biashara ya watumwa. Wahubiri wa wakati ule waliuita mji wa dhambi na wakalihesabu tetemeko kuwa adhabu. Hapo mimi sina la kuongeza, ila nasema hata mji wa watakatifu ungezama pale.

Kilichowavuta wafanyabiashara ni kina cha maji. Upande wa bandarini, hatua chache tu kutoka kwenye maghala, meli kubwa zilifunga na kupakua bila kuhitaji matishari, yale majahazi bapa ya kubebea shehena hadi nchi kavu. Kwa mwenye mali hiyo ni neema. Kwa mtu wa udongo ni dalili mbaya, maana yake ni kwamba ukingo wa mji ni mteremko mkali uliojificha majini, na juu ya mteremko huo umerundika matofali. Tena hawakuridhika na nchi kavu waliyoikuta. Palipokuwa na maji mafupi walipigilia nguzo za miti, wakajaza mchanga na kifusi, wakajenga juu yake. Chini ya yote hayo palikuwa na mchanga mlegevu, mita nyingi kwenda chini, umelowa maji ya bahari.

Umewahi kumwona muuza mchele akitikisa kopo? Mchele unashuka, na juu panapatikana nafasi ya kuongeza. Mchanga mlegevu nao ukitikiswa, chembe zake hutaka kusogeleana. Shida ni kwamba nafasi iliyo kati ya chembe imejaa maji, na kwa zile sekunde chache za mtikisiko maji hayana pa kukimbilia. Yanabanwa, shinikizo lake linapanda, linapanda tena, mpaka yanazisukuma chembe ziachane. Mchanga hauna nguvu nyingine zaidi ya kugusana na kusuguana kwa chembe zake. Zikiachana, ardhi uliyokuwa umeikanyaga inakuwa kimiminika kizito. Kilicho kizito kuliko hicho kinazama, na kilicho chepesi kinaibuka juu. Na kama pembeni kuna mteremko, ardhi nzima inaanza kutelezea huko, pamoja na mitaa yake.

Kuna sehemu ya pili ambayo watu huisahau. Mtikisiko ukikoma, maji hupenya na kupanda juu, mara nyingine yakiruka kama chemchemi zilizochanganyika na mchanga. Chembe hukutana tena na kushikana. Ardhi iliyokuwa ikitiririka sasa hivi inakaza, na chochote kilichotumbukia kinabaki kimebanwa humo.

Ukilijua hilo, barua za mashahidi utazisoma kwa jicho jingine. Hans Sloane, daktari aliyekuwa amekaa Jamaika kati ya 1687 na 1689, alikusanya kadhaa, nazo zikachapishwa London mwaka 1694 katika jarida la Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza. Wanaeleza mchanga wa barabarani ukiinuka na kushuka kama mawimbi, ukiwabeba waliosimama juu yake na kuwaangusha kwenye mashimo. Ardhi inafunguka na kufunga. Kuna waliozama wasionekane tena, kuna waliobanwa kiunoni, na wengine walibaki vichwa tu juu ya ardhi wakafa kwa kubanwa. Mmoja anasema mbwa walikuja kuvila vichwa hivyo. Msomaji wa haraka atadhani wametia chumvi. Mimi naona watu wasio na elimu yoyote ya udongo wakiandika, kwa mpangilio sahihi kabisa, hatua ambazo leo tunazipima maabara: ardhi kulegea, kutiririka, kisha kukaza.

Mchungaji wa mji, Emmanuel Heath, aliandika barua zake akiwa ndani ya meli bandarini, wiki mbili tatu baada ya tetemeko. Asubuhi ile alikuwa ameketi na John White, rais wa baraza la kisiwa, wakinywa glasi ya divai kabla ya chakula cha mchana. White alikuwa amewasha kiko, na Heath akaona ni utovu wa adabu kumwacha mwenzake kabla hajamaliza kuvuta. Ardhi ilipoanza kutikisika White alimtuliza, akisema ni tetemeko tu, litapita. Mnara wa kanisa ukaanguka. Nyumba ya kapteni ambako Heath alitarajiwa kula ilizama na waliokuwemo. Aliokolewa na kiko cha mtu mwingine.

Halafu kuna Lewis Galdy, mfanyabiashara mzaliwa wa Montpellier, Ufaransa. Jiwe la kaburi lake, ambalo bado lipo Port Royal, linasema alimezwa na ardhi, kisha mtikisiko mwingine ukamtupa baharini, akaogelea hadi mashua ikamwokota. Alifariki mwaka 1739, ana miaka 80. Mawe ya makaburi hayali kiapo, kwa hiyo sitabishana na anayetilia shaka. Nitasema tu kwamba mashahidi wanataja mitikisiko mitatu, wa mwisho ukiwa mkali zaidi, na ukingo wa mji ulikuwa ukitelezea bandarini muda wote huo. Mtu kuzama na kutapikwa kwenye mazingira hayo si hadithi ya kuicheka.

Saa yenyewe tunaijua kwa namna ya ajabu. Mwaka 1959 Edwin Link na wenzake walipokuwa wakichimba chini ya bahari pale, waliibua saa ya mfukoni iliyotengenezwa na Paul Blondel. Mishale yake ilikuwa imeliwa zamani, lakini picha ya eksirei ilionyesha alama iliyoachwa kwenye ukoko: saa 5 na dakika 43 asubuhi.

Ekari kama 33 kati ya zile 51 zilikwenda majini. Ngome za James, Carlisle na Rupert zilipotea, ya Charles ikabaki. Wimbi la bahari nalo liliingia, likaiokota manowari Swan iliyokuwa imelazwa ubavu kwa matengenezo, likaipitisha juu ya nyumba. Watu kadhaa walipona kwa kuing'ang'ania. Makaburi ya Palisadoes yalifumuka na maiti za zamani zikaelea bandarini pamoja na za siku ile. Kaburi la Henry Morgan, yule haramia aliyekuja kuwa naibu gavana, lilipotelea humo. Watu takriban 2,000 walikufa siku hiyohiyo, na wengine wengi, pengine zaidi ya hao, waliuawa na majeraha na maradhi katika wiki zilizofuata.

Kwa mtu wa fani yangu, ushahidi mtamu kuliko wote uko chini ya maji. Kuanzia 1981 hadi 1990 Donny Hamilton wa Chuo Kikuu cha Texas A&M aliongoza uchimbaji kwenye mtaa wa Lime. Akakuta sakafu za matofali yaliyopangwa kwa mtindo wa mifupa ya samaki, zimelala palepale zilipojengwa, tofali kwa tofali, ila sasa ziko mita kadhaa chini ya bahari. Nyumba ikisombwa na wimbi, sakafu haibaki hivyo. Zile zilishuka wima, huku nyingine, karibu na ukingo, ziliteleza na kusambaratika. Jengo moja lilikuwa na mabaki ya meli iliyolivamia, na humohumo mifupa ya watoto.

Sloane aliandika jambo jingine ambalo hunikera kila nikilisoma. Wahispania, waliokaa kisiwani kabla ya Waingereza, walijenga nyumba fupi zisizo na ghorofa, kuta zikiwa na nguzo za miti zilizochimbiwa ardhini, kwa sababu walikwishayajua matetemeko. Waingereza walitaka mji ufanane na wa kwao. Nyumba za matofali matupu, bila nondo wala mkanda wa kuzifunga, hazina subira na mtikisiko. Tuliziona zikilala chini Bukoba mnamo Septemba 10, 2016, kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9 tu. Pale Port Royal, ambako makadirio huzungumzia 7.5 hivi, uzito huo ulikuwa umekaa juu ya mchanga uliolowa.

Walionusurika walivuka bandari na kuanzisha Kingston, kwenye uwanda wa Liguanea. Huko ardhi ni bora, lakini kisiwa ni kilekile. Kinakatwa na mfumo wa nyufa za miamba ardhini, uitwao Enriquillo na Plantain Garden, unaoendelea hadi Haiti, ambako uliguswa na tetemeko la Januari 12, 2010. Mnamo Januari 14, 1907, Kingston nayo ilibomoka na kuungua. Waliokufa wanakadiriwa kufikia 1,000. Mali nyingi zilikuwa na bima ya moto isiyolipa moto uliosababishwa na tetemeko, kwa hiyo mahakamani kukawa na kesi za kubishania kipi kilitangulia, moto au tetemeko.

Katika tetemeko hilohilo la 1907, upande wa pili wa bandari, mchanga wa Port Royal ulirudia kazi yake. Ghala la mizinga lililojengwa miaka ya 1880 lilizama upande mmoja na kubaki limeinama hadi leo. Watalii hulipenda kwa sababu ukiingia unapata kizunguzungu. Kila mara nakutana na mtu anayedhani mchanga ukishalegea na kukaza mara moja umemaliza, hauwezi tena. Lile ghala ni jibu tosha. Maji yanapopanda huacha tabaka jipya lililolegea juu, bahari inaongeza mchanga mwingine, na binadamu naye anajaza kifusi. Mwaka 1964 majengo ya ghorofa ya Niigata, Japani, yalilala ubavu mazima, na ndipo wahandisi walipoanza kulipima jambo hili kwa dhati. Kabla ya hapo Port Royal ilikuwa kisa cha maharamia tu.

Mji uliozama sasa unalindwa kisheria, na mwaka 2025 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Jamaika ilipotaka kuleta meli za watalii pale, haikupigilia nguzo kwenye kingo zile wala haikuchimba kina. Iliweka gati linaloelea, linalonyooshwa kutoka ufukweni meli inapofika, na meli ya kwanza ilifunga Januari 2020. Sababu iliyotajwa ilikuwa kulinda mabaki ya kale. Mimi ningelichagua gati hilohilo hata kama chini yake pasingekuwa na hata tofali moja.