Enameli si rangi ya kupaka

Zile bangili mbili za dhahabu za Thessaloniki, Ugiriki, kazi ya karne ya 9 au ya 10, picha zake zikisambaa hakosi mtu wa kusema zimepakwa rangi. Hazikupakwa kitu. Ndege na maua unayoyaona ni kioo.

Enameli ni kioo chenye rangi kilichosagwa kikawa unga, kikayeyushwa juu ya metali mpaka vikashikana. Basi. Kikombe cheupe cha chai chenye ukingo wa buluu, kile kinachobanduka kikianguka sakafuni, nacho ni enameli, ila yake iko juu ya chuma.

Mkanganyiko umeletwa na makopo ya dukani yaliyoandikwa “rangi ya enameli”. Hiyo ni rangi ya mafuta iliyoazima jina kwa sababu inang'aa. Jina lenyewe lina asili ya Kijerumani cha kale, katika mzizi wenye maana ya kuyeyuka. Ndiyo maana Waitaliano na Wagiriki husema smalto. Waturuki husema mine na Waarabu mina, neno la Kiajemi linalohusu kioo. Popote unaposhika, utakuta moto au kioo, wala hutakuta brashi.

Na moto wenyewe si mchezo. Sonara wa Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki iliyotoa bangili zile, alisimamisha tepe nyembamba za dhahabu kwa ubavu, akazipinda zikawa mstari wa bawa au wa jani, kisha akajaza unga wa kioo katika kila kijumba. Tanurini, kwenye nyuzi 700 hadi 850 hivi za Selsiasi, unga huyeyuka na kunywea, kwa hiyo hujazwa tena na kuchomwa tena, halafu husuguliwa mpaka kioo kilingane na dhahabu. Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Moto ukizidi, kazi yote imekwenda. Kule Kouklia, Saiprasi, zilipatikana pete za dhahabu za karne ya 13 au ya 12 KK zenye vijumba vya namna hiyohiyo, kwa hiyo ufundi huu ulikuwa mkongwe Bizanti ilipoupokea.

Linaloniuma zaidi ni savat kuitwa “enameli nyeusi”. Savat, iliyoupa sifa mji wa Van mashariki mwa Uturuki, haina kioo hata chembe. Ni fedha, shaba, risasi na salfa vilivyoyeyushwa pamoja, vikasagwa, vikajazwa kwenye michoro iliyochongwa juu ya fedha na kupitishwa motoni. Jina limetoka kwenye Kiarabu sawad, weusi, ukoo mmoja na Aswad ya Hajar Aswad. Waliokuwa mabingwa wake Van ni masonara wa Kiarmenia, kabla ya maangamizi ya Waarmenia ya 1915. Ufundi wao una jina lake, nao wanastahili tulitaje.

Ukiwa na bangili mkononi, tazama ule weusi. Wa savat ni wa kimetali, una mng'ao wa kijivu. Enameli nyeusi hung'aa kama kioo, na ikigongwa hupasuka. Na ile inayouzwa kama “enameli baridi”, iliyogandishwa bila tanuri, ni plastiki ya kumimina. Yaweza kuwa bangili nzuri ya kuvaa, lakini muuzaji aiite plastiki, na bei iwe ya plastiki.